Mtu anaondoka, anakuambia "nakuja". Hii imekaaje?

Asali Mbichi (mleta uzi)
Wakuu, habari. Jana nilipeleka baiskeli kwa fundi hapa Isevya, Tabora, gurudumu la nyuma lilikuwa linacheza. Fundi kafungua nati, kachomoa gurudumu zima, kalitia begani, kaniangalia usoni: "Nakuja." Huyo akaenda. Nikabaki kwenye benchi lake na baiskeli ya gurudumu moja, tangu saa tatu asubuhi, na mpaka saa saba na nusu alikuwa hajatokea. Mama wa maandazi pale jirani akanionea huruma, akauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia, "Kasema anakuja." Mama akasema, "Basi kaenda mbali."

Sasa nauliza. Kuja ninavyojua mimi ni kuelekea pale alipo anayesema. Mtu aliyenipa kisogo anakujaje? Kwa nini asiseme "natoka kidogo" au "narudi"? Na je, hii ni yetu watu wa Tabora au ni nchi nzima? Wajuvi karibuni.

Tumbaku Chungu
Nimekaa siti ya mbele. Huyo mama wa maandazi apewe uprofesa.

Mwana wa Ng'ambo
Mwangaluka. Jibu ni jepesi: Kinyamwezi. Kwetu *kuja* ndiyo kwenda. "Naja kaya" maana yake naenda nyumbani. Kuja kwa Kiswahili, sisi tunasema *kwiza*. Wasukuma nao ni hivyohivyo. Fundi alikuambia ukweli mtupu kwa lugha ya bibi yake, wewe ukausikia kwa Kiswahili. Usimlaumu.

Bint Gungu
Mwana wa Ng'ambo, ingekuwa hivyo sisi Waha tusingesema. Kwa Kiha kwenda ni *kugenda*, kuja ni *kuza*, hayagongani popote. Lakini njoo hapa Mwanga, Kigoma, uagize chai. Kijana anakuambia "nakuja" huku anapotelea jikoni. Na Dar nimeishi miaka sita: konda, muuza duka, fundi nguo, wote wanakuja tu, hakuna anayekwenda.

Mwana wa Ng'ambo
Bint, na hiyo pwani waliiokota wapi? Wanyamwezi walishuka Bagamoyo na mizigo kichwani miaka mingi kabla ya reli. Kila mpagazi aliingia na "naja" yake mdomoni. Watu wa pwani wakaisikia, wakaipenda.

Mzee wa Stesheni
Mwanangu, hapo umedandia treni kwa mbele. Wapagazi walikuwepo kweli, na mzigo wa mmoja ulikuwa kilo thelathini hivi, si mchezo. Lakini kukutana na watu si kuokota neno lao. Kama pwani waliokota *kuja* ya kwenda, mbona *kwiza* waliiacha njiani?

Mimi naona ni ufupisho. Sisi zamani tulisema yote: "Naenda mara moja, nakuja." Ninyi vijana mmekata behewa la mbele mkaacha la nyuma linatembea peke yake.

Mwalimu wa Zamu
Mzee shikamoo. Nakubaliana nawe nusu. Tatizo naliona kwenye swali lenyewe. Asali Mbichi anasema kuja ni kuelekea alipo msemaji. Si lazima. Ukinipigia simu "uko wapi?" nikajibu "nakuja", siji nilipo mimi, naja ulipo wewe. Kuja kunafuata mahali ambapo wote wawili tumepaweka akilini. Kwa fundi na wewe, mahali penu ni lile benchi. Yeye safari yake ameitazama mpaka mwisho wake. Kule kwenda kumo ndani, hakuona haja ya kukutaja.

Halafu angalieni jambo moja. Kwenda na kuja ni wakaidi kwenye amri. Hatusemi "enda!" wala "ja!", tunasema "nenda" na "njoo". Mwenzao ni leta, tunasema "lete". Maneno yanayotumika kila saa yanachakaa upande kama lapa.

Lapa la Bluu
Nimetajwa? Nipo, nachapa lapa kutoka sokoni.

Dagaa Mkavu
Mimi nina la tofauti. Bibi yangu, Mungu amrehemu, wa Ujiji, alikuwa hakubali mtu amuage usiku kwa kusema "nakwenda". Ukisema tu, anakurudisha mkekani. Ukae, unyamaze kidogo, ndipo uage upya. "Sema narejea, au sema nakuja. Anayekwenda ni maiti." Mjomba wangu mmoja alirudishwa mara mbili usiku mmoja kwa sababu ya kusahau, mpaka akakosa gari la Gungu. Kwa hiyo mimi naona ni adabu. Hamsikii mtu akifa tunasema "kaenda zake"?

Bint Gungu
Dagaa, bibi yangu naye alikuwa wa hapohapo Ujiji na hakuwa na habari hiyo. Yeye alikuwa anasema "haya, mimi nimekwenda" bado amekaa, kikombe cha kahawa mkononi. Na anakaa tena nusu saa.

Tumbaku Chungu
Kwa hiyo Mtanzania akiwa amekaa, amekwenda. Akiwa anaondoka, anakuja. Wageni wana kazi kujifunza lugha hii.

Ng'ambo ya Ziwa
Ongezeni na sisi. Kwetu Kalemie tunasema "niko nakuja", "niko naenda". Nilipovuka kuja Kigoma watu walicheka: "Uko, au unakuja? Chagua moja."

Zamu ya Usiku
Mimi ni muuguzi, niko Kigoma vijijini. Niwape kisa cha neno jingine kabisa, *kutembea*. Mama kaleta mtoto wa mwaka na miezi. Nikamuuliza, "Mtoto anatembea?" Akajibu, "Hapana dada, hatujatembea popote tangu Pasaka." Nikauliza tena kwa sauti ya upole zaidi. Akajibu kwa sauti ya ukali zaidi: "Nimesema hatujatembea!" Alidhani namshuku kwamba homa wameipata safarini. Mtoto mwenyewe wakati huo yuko sakafuni, kasimama dede, kashika mguu wa meza yangu, anachungulia droo.

Tangu siku hiyo naanza na vitendo. Anatambaa? Anasota kwa makalio? Anasimama dede? Ameanza tata? Hapo tunaelewana.

Dagaa Mkavu
Na hujamuuliza anatembea na nani.

Zamu ya Usiku
Hilo tunawauliza wakubwa, tena mlango ukiwa umefungwa.

Mwalimu wa Zamu
Kutembea kumebeba mengi. "Nimekuja kutembea" ni nimekuja kuwasalimu. "Anatembea na fulani" mnajua. Na kuna methali, *Mtembezi hula miguu yake*. Nilifundishwa kwamba inamkanya mzururaji: anamaliza miguu yake bure.

Lapa la Bluu
Mwalimu, sisi wachuuzi tunaielewa kinyume. Nikitembea napata. Miguu ndiyo inanilisha. Nikikaa nyumbani nile nini, viti?

Mwalimu wa Zamu
Inakubali kote kuwili, sibishi. Na ya kwako ina ndugu yake: *Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.*

Zamu ya Usiku
Kabla hamjafika mbali, nisaidieni la kazini. Mgonjwa kaja, mguu mmoja haukanyagi sawasawa. Nikaandika kwenye faili "anachechemea". Mwenzangu aliyekulia Pemba kasoma, akasema hapana, huyo "anachopea". Je, ni kitu kimoja?

Mzee wa Stesheni
Kuchechemea ni maumivu. Umechomwa na mwiba, unakanyaga kwa ncha za vidole, kesho unapona. Kuchopea ni kilema, ndio mwendo wako wa siku zote.

Bint Gungu
Mimi nimekua nikisikia kinyume chake, Mzee. Jirani yetu aliyeugua polio utotoni kila mtu alisema "yule anayechechemea". Kuchopea nilikutana nalo vitabuni tu.

Tumbaku Chungu
Naongea kama mwenye mguu. Msimu uliopita nilikanyaga msumari kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku. Siku ya kwanza sikuchechemea wala kuchopea, nilirukaruka kwa mguu mmoja mpaka barabarani. Siku ya tatu ndipo nikaanza kuchechemea. Wiki ya pili nikawa najivuta tu. Mguu uleule mmoja, maneno matatu. Baba mkwe akaniona kwa mbali akasema "yule mlevi anapepesuka", na sikuwa nimeonja kitu.

Mwalimu wa Zamu
Lipo pia *kuguchia*, nalo ni la mguu mbovu, ila sidhani kama muuguzi akiliandika daktari atalielewa. Na kujikongoja ni kwa mzee, kilichompunguza ni nguvu, si jeraha. Ndiyo maana fimbo yake ni mkongojo.

Nyayo za Gombe
Salaam. Mimi natembeza watalii Gombe. Kwenye suala la miguu nina hoja. Mgeni mmoja anayejifunza Kiswahili aliniambia: "Leo tumetembelea sokwe, na sokwe wanatembelea mikono." Wenzangu wakacheka wakadhani kakosea. Hakukosea hata kidogo. Sokwe anatembelea vifundo vya vidole, kama mzee anavyotembelea mkongojo, na gari lenye pancha linavyotembelea rimu. Kitenzi ni kilekile, nyongeza ni ileile ya -le-, lakini kumtembelea mtu ni jambo moja na kutembelea kitu ni jingine. Mnaonaje hapo?

Lapa la Bluu
Na tajiri anatembelea gari kubwa. Sisi tunatembelea soli.

Nyayo za Gombe
Pia naomba muwaambie watu: sokwe *hatuwanyemelei*. Kunyemelea kuna nia ndani yake, unataka kukamata. Paka anamnyemelea panya. Kunyata ni kutopiga kelele tu. Ukirudi usiku wa manane watoto wamelala, unanyata. Ukienda kwenye sufuria ya nyama ya wenyewe, hapo unanyemelea.

Dagaa Mkavu
Na ukirudi usiku wa manane mke hajalala?

Nyayo za Gombe
Hapo unajikongoja, mkuu, hata kama una miaka thelathini.

Kijana wa Kwihara
Nyie mnazungumzia kutembea, mmemsahau Stanley. Alitoka Bagamoyo akaenda moja kwa moja mpaka Ujiji kumtafuta Livingstone, mwaka 1872. Huo ndio mwendo.

Mzee wa Stesheni
Na wewe unakaa Kwihara kabisa! Yamekosewa mawili hapo. Walikutana Ujiji mwaka 1871, Novemba. Na moja kwa moja hakwenda. Alifika huku Tabora mwezi Juni, akakwama karibu miezi mitatu, tena hapo kwenu Kwihara ulipo, kwa sababu Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Alipoondoka Septemba alizungukia kusini kuikwepa vita. Kiswahili kina neno la mtu kuacha njia kuu na kushika ya pembeni: alichepuka.

Tumbaku Chungu
Kumbe Stanley alikuwa na mchepuko Tabora. Historia tulifichwa.

Mwalimu wa Zamu
Nilijua mtafika huko. Kuchepuka lilikuwa neno la heshima zake, la njia na maji. Sasa hivi siwezi kulisema darasani. Nikiwaambia wanafunzi "mto unachepuka hapa", darasa lote linaanguka. Ndivyo walivyolifanya pia *kuvinjari*: zamani ni kupita huku na huku ukilinda doria, leo mtu anavinjari mtandaoni amelala chali.

Mzee wa Stesheni
Na *kutua* je? Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kabla ya hapo safari za huku zilikuwa za miguu. Mpagazi alikuwa akifika kambini anatua. Anautoa mzigo begani, anauweka chini. Halafu likapewa ndege. Jua nalo linatua. Mimi nikimwona rubani namfikiria yule mtu na pembe la tembo begani.

Mwana wa Ng'ambo
Mzee, umerudi mwenyewe kwa wapagazi wangu. Nakusubiri kwenye *kuja*.

Mzee wa Stesheni
Subiri tu. Behewa halijafungwa.

Mvuvi wa Kibirizi
Nyie wa nchi kavu mna maneno mengi ya miguu kwa sababu hamjui kukaa. Naomba nirekebishe moja. Watu wanasema "mradi umekwenda mrama", "ndoa imekwenda mrama", kama vile mrama ni kuharibika. Mrama ni chombo kulala ubavu huu, kuinuka, kulala ubavu ule. Kupanda na kushuka kwa pua si mrama. Pua ikipanda na kushuka unaweza kula hata muhogo. Mrama hauruhusu.

Mwaka juzi Julai, upepo wa kusini umekolea, tumetoka Kibirizi na abiria kumi na kitu na kreti za soda. Ziwa likatupiga ubavuni. Kreti zikaanza kwenda na kurudi zenyewe, *kra, kra*, kutoka kulia mpaka kushoto. Mama mmoja alikuwa na jogoo kwenye kapu. Mama katapika, mumewe katapika, mimi nahodha msaidizi nimeng'ang'ania kamba, yule jogoo kasimama wima, kila boti ikilala yeye anahamisha mguu mmoja tu. Hakuyumba. Tukampa jina la Kapteni. Sasa mtu akiniambia mradi wake umekwenda mrama namuuliza: umetapika?

Dagaa Mkavu
Kapteni aliliwa?

Mvuvi wa Kibirizi
Siku hiyohiyo jioni. Alikuwa anapelekwa kwenye posa.

Bint Gungu
Mvuvi, na *kuambaa*? Vijana wanasema "mimi naambaa", maana yake anaondoka.

Mvuvi wa Kibirizi
Kuambaa ni kupita kando kando ya kitu bila kukigusa. Ziwa likichafuka tunaambaa na ufuko. Mtu anayetoroka ukumbini kabla bili haijaja anapita ukutani, si ndiyo? Basi hapo wamepatia. Ila kwenye hii ya "nakuja" mimi nasema chombo kimoja tu ndicho chenye haki ya kuisema huku kinaondoka. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Ilizama ikisema nakuja, na ikaja.

Tumbaku Chungu
Miaka minane. Asali, fundi wako bado yuko ndani ya muda.

Lapa la Bluu
Kuna jambo limenijia. Mwendo, mwenendo, maendeleo, kuendesha, vyote vimetoka kwenye kwenda. Hakuna hata kimoja kizuri kilichotoka kwenye kuja. Labda "ujio". Serikali haijawahi kutuahidi "majio".

Zamu ya Usiku
Na tumbo la kuendesha nalo limetoka kwenye kwenda, msilisahau. Huko si kuzuri kote.

Ng'ambo ya Ziwa
Nimecheka mpaka wenye nyumba wameamka.

Asali Mbichi (mleta uzi)
Wakuu, mrejesho. Fundi alitokea saa kumi kasoro. Gurudumu begani lilelile. Akasema, "Nimekuja." Hakusema nimerudi, mlione hilo. Nikamwambia, ungesema unaenda mbali ningekwenda nyumbani kula. Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la kitoto. Akasema: "Ningekuambia naenda, ungenisubiri?"

Nikakosa jibu. Yaani lile neno halikuwa la kunieleza yeye anafanya nini. Lilikuwa la kunifunga mimi kwenye benchi.

Dagaa Mkavu
Hiyo ni sababu ya tano sasa, au ya sita. Sijui nani anahesabu.

Mwana wa Ng'ambo
Umemuuliza kabila?

Asali Mbichi
Nilijua utauliza. Kwao Kasulu. Ni Muha.

Bint Gungu
*Kugenda! Kuza!* Nilisema mimi. Mwana, leta shilingi yangu.

Mwana wa Ng'ambo
Taratibu. Ufundi kajifunzia wapi?

Asali Mbichi
Hapahapa Isevya. Anasema ana miaka kumi na miwili Tabora, na mke ni Mnyamwezi.

Mwana wa Ng'ambo
Haya basi.

Mzee wa Stesheni
"Haya basi" si hoja. Mwalimu, sema kitu.

Mwalimu wa Zamu
Nasahihisha madaftari, Mzee. Nitakuja.

Bint Gungu
Huyo kaenda mbali.

Mvuvi wa Kibirizi
Asali, gurudumu linacheza bado au limetulia?

Asali Mbichi
Halichezi. Sasa inalalamika breki. Kesho nampelekea tena, nitabeba chakula.

Zamu ya Usiku
Jamani, naingia kazini saa mbili na yule mgonjwa anarudi kesho asubuhi. Chechemea au chopea?

Tumbaku Chungu
Andika yote mawili, weka mkwaju katikati. Na nikija mimi andika chechemea. Msumari ulishapona, ila mguu umeshazoea kuhurumiwa.